Kufufua Jeevanjee: msianze na jembe

Umesema mko kama 20 na mnataka kupanda maua kwenye bustani ya Jeevanjee, Nairobi, wikendi hii. Pole pole jamani. Kwanza barua ya ruhusa ya kaunti iwe mkononi, maana hiyo bustani mfanyabiashara mzee Jeevanjee aliwapa watu wa Nairobi tangu 1906 na tangu ule mvutano wa 1991, kulipotakiwa kujengwa majengo humo, watu wako macho, mkionekana mnachimba bila karatasi mtaulizwa nyinyi ni nani. Halafu chini ya miti mikubwa msilime kabisa, mizizi ya kunywa maji iko juu juu tu, we tandaza majani makavu ila yasiguse shina. Njia za mkato msizifunge (watu wataruka tu), wekeni mawe ya kukanyagia. Na Jumatano, wikendi ikishapita, nani anamwagilia maua? Hilo mpange leo.