Jibu: wanafunzi hawaji kwenye mazungumzo ya huduma shufaa (Bukavu)

Jambo dada. Unasema mlibandika chuoni tangazo la huduma shufaa (huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya wenye magonjwa makubwa), wakaja wachache, wengine wakaona ni habari za kufa. Angalieni tangazo kwanza: linataja maumivu? Sisi tulianza na swali, "Nani anauguza mtu nyumbani?" Mikono ikapanda mingi. Hapo ndipo tukaeleza kwamba huduma hii huanza mapema, sambamba na matibabu ya kansa au figo, haingoji siku za mwisho.

Ombeni muuguzi aonyeshe mofini ya kunywa, dawa kali ya maumivu, jinsi anavyoivuta kwa bomba lisilo na sindano na kuitia mdomoni. Hata wanafunzi wa udaktari huiogopa, na wagonjwa wetu ndio wanaoumia. Uganda wanaitumia tangu 1993. Siku ya huduma shufaa duniani ni Jumamosi ya pili ya Oktoba. Mkitaka kufanya mazungumzo siku hiyo na mkakuta mitihani, yasogezeni.