Shamba la Muheza haliuzwi

Chumbageni, Tanga

Mama,

Assalaam alaikum. Jana umeniuliza kwenye simu, makonda wanapiga kelele nyuma yako: "Baba, tuuze shamba la Muheza nikasome famasia chuo cha binafsi, au nithibitishe Dodoma nikawe mwalimu wa kemia?" Nikanyamaza, ukadhani mtandao umekata. Haukukata. Hesabu ya miaka minne haifanywi kwa vocha ya jero. Leo nimekaa kibarazani na kalamu na zile barua zako mbili, ya chuo na ya Bodi ya Mikopo.

Chuo kinataka 4,500,000 kwa mwaka. Bodi imekupa 1,800,000 ya ada na 2,400,000 ya chakula na malazi. Hiyo ya chakula, bumu mnaloliita, iache pembeni. Dar utaila yote na Desemba utanipigia. Pengo la ada ni 2,700,000 kila mwaka, 10,800,000 mpaka umalize. Hilo ni letu mimi na mama yako, na linalipwa sasa. Deni la Bodi ni lako, na linalipwa baadaye: 4,200,000 mara minne, yaani 16,800,000. Mama yako anayajumlisha yote mawili kisha anakosa usingizi.

Hilo deni lako nalijua vizuri kuliko hata pengo letu. Miaka 22 nimeandaa mishahara ya watu, mama. Chukua mshahara wa msingi wa 800,000. Nimeuchagua kwa kuwa unagawanyika vizuri, usije ukasema baba aliniahidi. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wanachukua 5%, 40,000. Zinabaki 760,000, ndizo zinazotozwa kodi, PAYE 68,000. Bima ya afya 3%, 24,000. Kisha Bodi 15%, nao hawahesabu kwenye kilichobaki, wanahesabu kwenye ule msingi wote: 120,000. Mkononi unashika 548,000. Umeona nani kakata kubwa kuliko wote? Kwa mwendo huo, deni lako linaisha baada ya miezi 140, miaka 11 na miezi 8, labda mshahara upande. Zamani makato yalikuwa 8%. Sheria ilipobadilishwa 2016 ikawa 15%, watu walijipanga mlangoni kwangu na hati zao za mshahara wakidai nimekosea kuandika. Walau ile tozo ya 6% ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa inaongezeka kila mwaka, ilifutwa 2021. Wewe unalipa ulichokopa bila hiyo.

Dodoma nayo ina makato hayo hayo, usidanganyike. Ila ada yake ni ndogo na pengo la kutuumiza kichwa halipo, na kwa hilo inaishinda famasia mbali sana. Inaposhindwa ni baada ya joho. Najua walimu wa sayansi wanatafutwa kuliko wa historia. Lakini hapa mtaani kwetu tu nina vijana watatu wenye shahada ya ualimu wanaofundisha tuisheni kwenye vibaraza vya watu, na kila ajira zikitangazwa wanaomba upya. Mlango wao mkubwa ni mmoja, serikali. Mfamasia akimaliza mwaka wa utarajali na kusajiliwa na Baraza la Famasi, anayo hospitali ya serikali, ya misheni, ya mtu binafsi, na kila famasi lazima iwe na mfamasia msimamizi. Wapo wanaokodisha cheti kitundikwe ukutani, dukani hawakanyagi. Pesa hiyo usiiweke kwenye hesabu zako hata siku moja. Dawa ikimdhuru mtu, jina lililo ukutani ni lako.

Kwa hiyo si chuo ninachokilipia, nalipia usajili ule. Ingekuwa utawala wa biashara kwa ada hiyo hiyo, ningekwambia kesho panda basi la Dodoma. Na ndiyo maana kabla hujabonyeza chochote, hakikisha programu yenyewe imeidhinishwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, na Baraza linaitambua. Uliza mwenyewe, usikubali maneno ya dada wa mapokezi.

Sasa shamba. Yule dalali anatoa 6,500,000. Hizo zinaziba pengo la miaka miwili na miezi kidogo, halafu mwaka wa tatu tunazuiliwa mtihani na machungwa hatuna. Haliuzwi. Mwaka jana lilitupa 1,100,000, tena kwa ujinga wangu wa kuuza matunda yakiwa bado mtini. Mama yako kikoba chake kitampa 600,000. Kaka yako wa bandarini kaahidi 50,000 kila mwezi, na nimemwandikisha kwenye daftari ili asije akasahau akishaoa. Jumla 2,300,000. Tunapungukiwa 400,000. Bodi wakifungua dirisha la rufaa, kata rufaa, ambatisha barua yangu ya kustaafu. Wakikataa, nitabana kwenye pensheni, na hilo mama yako asilijue.

Mwaka wa nne sijaumaliza kuuhesabu. Ada ikipanda njiani, itabidi tuzungumze tena, na huenda ukafanya kazi likizo.

Ukishapata jibu la Baraza, thibitisha famasia usiku, mtandao ukiwa mwepesi, na ile namba ya siri usimpe mtu akuingizie. Halafu, kwa kuwa shangazi yako anakaa Buguruni, pita sokoni uniulizie machungwa mia ya Muheza yanauzwaje. Unitumie meseji kabla ya Jumamosi, dalali anakuja.

Baba yako