Je, galoni 43 zatosha Entebbe hadi Kidepo na kurudi?

SWALI: Mwalimu, ninajifunza urubani, naishi Entebbe. Ndege ndogo tunayoitumia, Cessna 172N, inabeba galoni 43 za mafuta. Mwenzangu anasema ukiijaza unakwenda Kidepo, mbugani kaskazini mashariki mwa Uganda, na kurudi bila kuongeza, mradi uziangalie geji. Mbona basi ndege ndogo huanguka kwa kuishiwa mafuta?

JIBU: Ndugu yangu, umefanya vyema kuuliza ukiwa bado chini. Safari hiyo usiifanye hivyo.

Katika galoni 43, zinazoifikia injini ni 40, yaani lita 151 hivi. Zilizobaki hukaa chini kabisa ndani ya tangi, hazitumiki. Ikila lita 32 kwa saa, una saa 4 na dakika 43. Kidepo ni kama kilomita 435. Kwa mwendo wa kilomita 200 kwa saa, kwenda na kurudi ni saa 4 na dakika 21, na hapo hujahesabu kupaa, ambako injini hula zaidi. Sasa weka upepo wa kilomita 40 kwa saa unaokukabili ukienda. Wengi hudhani upepo uliokuchelewesha kwenda utakufidia kurudi. Haufidii: kwenda saa 2 na dakika 43, kurudi saa 1 na dakika 49. Umebaki na dakika 11, na akiba ya mafuta kwa safari ya mchana isipungue dakika 30! Tena hizo lita 32 ni za rubani aliyepunguza mafuta kwenye mchanganyiko wa mafuta na hewa alipofika juu. Akikisahau kishikizo chekundu cha kupunguzia, injini ikala lita 40, itamzimikia njiani akirudi.

Geji zinasukumwa na boya ndani ya tangi. Ndege ikiinama, nalo linahama. Panda ngazi, fungua kifuniko juu ya bawa, tumbukiza kijiti chenye vipimo vya ndege hiyohiyo, usome upesi kabla unyevu wa mafuta, ambao ni wa samawati, haujakauka. Ndege isimame mahali tambarare. Kwenye mteremko kijiti nacho hudanganya. Kisha, ukiwa hewani, hesabu mafuta kwa saa yako ya mkononi.

Wapo pia waliozimikiwa mafuta yakiwamo, kwa kuwa valvu ya kuchagua tangi ilielekezwa kwenye tangi lililokauka.

Kidepo nenda, ila panga kushuka Soroti, mji ulio njiani, uongeze mafuta. Piga simu siku moja kabla uulize kama Avgas, petroli ya ndege kama yako, ipo, na usikubali kamwe kuwekewa Jet A-1, mafuta ya ndege za jeti.