Unataka kazi ya ndege? Anza kuulizia leseni, shahada baadaye

Matokeo ya kidato cha nne na cha sita yakitoka, simu yangu haipumziki. Mzazi wa Mbalizi, mjomba wa mtu kutoka Makambako, binti wa Tukuyu aliyemaliza PCM (fizikia, kemia na hisabati), wote wana swali lile lile: mtoto anataka urubani, asome shahada gani? Mimi ni mzaliwa wa Mbeya na kazi yangu ni ufundi wa ndege. Naandika kwa kirefu ili familia ipate pa kuanzia kabla haijauza shamba la parachichi.

Hakuna shahada inayomfanya mtu awe rubani. Kinachomruhusu kurusha ndege ni leseni, na leseni hapa nchini hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Chuo kinafundisha, mamlaka inapima na kuruhusu. Unaweza kuwa na shahada nzuri ya mambo ya anga na bado usiruhusiwe kusaini kwamba ndege iko salama kuondoka. Na wapo marubani wazuri wa ndege za abiria ambao hawana shahada yoyote. Kwa hiyo mtu akikuletea kipeperushi cha chuo, cha hapa au cha ng'ambo, muulize mambo mawili tu: nikimaliza nitafanya mitihani ya leseni ipi, na mamlaka inakitambua chuo hiki? Akianza kuzungukazunguka, pesa zako zibaki mfukoni.

Ushauri mwingi unaosomwa mtandaoni umeandikwa kwa ajili ya Wamarekani. Kule, tangu 2013, hata rubani msaidizi wa shirika la ndege anatakiwa kuwa na leseni ya urubani ya daraja la juu, na kwa kawaida leseni hiyo inadai saa 1,500 za kuruka. Aliyesoma shahada ya miaka minne ya urubani kwenye chuo kilichoidhinishwa anaweza kuipata kwa saa 1,000. Ndiyo maana wanahimizana kusoma shahada za anga: sheria yao inawapunguzia saa 500. Ni faida ya kweli, lakini ni ya kwao. Kijana wa Rungwe akilipa ada ya shahada ile kwa sababu hiyo peke yake, amenunua kitu ambacho akirudi nyumbani hakimpi nafuu ile.

Viwango vya ICAO, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, vinasema hivi: leseni ya rubani wa biashara, yaani anayelipwa kurusha ndege, ni kuanzia umri wa miaka 18 na saa 200 za kuruka, au 150 kama umesoma kozi iliyoidhinishwa mfululizo. Ile ya daraja la juu ni miaka 21 na saa 1,500. Kila saa ina mafuta, ndege na mwalimu ndani yake, na shule nyingi hudai malipo kwa dola. Hapo ndipo mashamba yanapokwenda.

Sasa nisikilizeni vizuri, wazazi wangu: kabla ya ada, afya. Rubani wa biashara anahitaji cheti cha afya cha daraja la kwanza, kinachotolewa na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka. Wanapima macho, masikio, moyo, na uwezo wa kutofautisha rangi. Namfahamu kijana aliyelipa muhula mzima nje ya nchi ndipo akagundulika hatofautishi nyekundu na kijani. Hakuwa mgonjwa, hakuwahi kuvaa miwani, na hakuna shule aliyopita huku kwetu iliyowahi kumpima. Gharama ya kipimo ni ndogo sana ukilinganisha na alichopoteza. Mpeleke mtoto akapimwe kwanza, na mengine yaanzie hapo.

Nije kwenye kazi yangu, maana vijana wengi wa Nyanda za Juu Kusini ingewafaa na hawaisikii ikisemwa. Leseni ya fundi wa ndege, kwa viwango vya ICAO, ni kuanzia miaka 18, ukiwa na uzoefu wa kazi wa miaka minne, au miwili kama umepita mafunzo yaliyoidhinishwa. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo, Dar es Salaam, kina shahada ya uhandisi wa matengenezo ya ndege. Ukishapata leseni bado unasomea aina ya ndege. Air Tanzania wana Q400 za mapangaboi, wana Airbus A220, wana Boeing 787. Fundi aliyeidhinishwa kwenye Q400 hasaini 787 mpaka aisomee. Kusoma hakuishi, na asiyependa vitabu kazi hii itamchosha mapema.

Haitaki mtu wa haraka pia. Sanduku letu la zana lina sponji iliyochongwa umbo la kila kifaa, ili kikikosekana pengo lionekane. Usiku mmoja tulimaliza kazi kwenye gia ya kutua, yaani miguu na magurudumu ya ndege, tukafungua sanduku kuhesabu, pengo moja likawa wazi: bisibisi fupi, urefu wa kidole. Ndege ilikuwa na safari alfajiri. Hakuna aliyethubutu kusema twende tu. Tulifungua upya kila mfuniko tuliokuwa tumefunga, tochi mdomoni, mpaka tukaiona imelala juu ya bomba la haidroliki. Ingeachwa pale, ingeweza kukwaza gia isishuke au isipande. Mtoto wako kama ni yule anayerudisha kila kitu mahali pake hata asipoagizwa, mfikirie kwa kazi hii, awe wa kiume au wa kike.

Na fizikia wasiikimbie. Angalieni uwanja wa ndege wa Songwe. Uwanja ule ulianza kazi Desemba 2012 ukachukua nafasi ya ule wa zamani wa pale Mbeya mjini. Uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na mchana wa Oktoba jua likiwaka huzidi kuwa nyepesi. Injini inapata hewa kidogo, bawa linapata nguvu kidogo ya kuinuka, ndege inadai mwendo mkubwa zaidi ardhini kabla haijaachia. Ndiyo sababu mojawapo ya njia ya kurukia pale kuwa na urefu wa zaidi ya kilomita tatu. Mtu lazima apige hesabu ya joto, uzito wa abiria, mizigo na mafuta kabla ya kila safari. Ni mada zile zile za kidato cha tatu ambazo watoto hukariri bila kuambiwa zinafanya kazi wapi.

Kazi nyingine nazipitia kwa ufupi. Waongoza ndege husomea Chuo cha Usafiri wa Anga cha TCAA, Dar es Salaam. Leseni yao inaanzia umri wa miaka 21. Hali ya hewa inasomwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa shahada, na kuna chuo cha hali ya hewa Kigoma. Aliyewahi kuona ukungu wa Mbeya asubuhi ya masika hahitaji kuelezwa kwa nini wataalamu hao wanahitajika.

Shahada ina nafasi yake, nisieleweke vibaya. Cheti cha afya cha rubani wa biashara kwa kawaida huhuishwa kila mwaka, na mwaka wowote daktari anaweza kusema basi. Mwenye shahada ya uhandisi, uhasibu au kompyuta ana pa kushika siku hiyo. Kama uwezo wa nyumbani ni wa kawaida na mtoto amefaulu sayansi, mimi ningemshauri asome uhandisi mitambo au umeme hapo MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, akilala nyumbani, au aende NIT kwenye matengenezo ya ndege. Akipita MUST ajue tangu mwanzo kwamba leseni ya fundi atakwenda kuitafuta baadaye, na kipindi cha mafunzo kwa vitendo aombe karakana ya ndege mapema, kwa barua, kabla nafasi hazijajaa.

Kiingereza nacho kianze sasa. Marubani na waongoza ndege wa safari za kimataifa hupimwa kuzungumza na kuelewa, na ICAO inataka angalau daraja la 4 kati ya 6. Hupimwa kwa mdomo na masikio, redioni kuna kelele na hakuna muda wa kutafsiri kichwani. Kijana asiyezungumza darasani aanze wiki hii, hata kama ni kusoma gazeti kwa sauti mbele ya wadogo zake.