Mbwa anayejikuna usiku kucha
Dada wa Paje, unauliza kuhusu mbwa wako anayejikuna usiku kucha; hayo mafuta ya karafuu uliyoambiwa umpake yaache kabisa. Yanachoma ngozi, na akiyalamba yatamdhuru. Tafuta viroboto kwanza. Mchane juu ya mkia kwa kitana cha meno ya karibu, vumbi jeusi uliangushie kwenye kitambaa cheupe kilicholowa. Likiacha wekundu, hicho kinyesi cha kiroboto. Kwa mbwa mwenye mzio wa viroboto, kuumwa mara chache tu kunatosha kumwasha siku kadhaa, na hapo mwarobaini peke yake hautoshi, dawa ya viroboto lazima. Akitoka baharini msuuze kwa maji ya mfereji. Mafuta ya nazi kidogo pale ngozi ilipokauka, hayana neno. Makombo yenye vitunguu, hapana, ni sumu kwake. Akitoa usaha, daktari wa mifugo.