Ameniita "gorda", nimemblok. Nimekosea?

SWALI: Shikamoo anti. Mi nasoma chuo hapa Mbeya, najifunza Kispanyola kwa simu na kuna kaka wa Argentina tunachati, yeye ananifundisha Kispanyola mi namfundisha Kiswahili. Juzi kaniandikia "hola gorda", nikaweka kwenye Google ikaniambia eti ni mnene. Anti, mi nina kilo 52! Halafu washkaji zake kwenye grupu wanaitana "boludo", nikakuta maana yake pumbavu, na wanacheka tu. Nimemblok. Roommate wangu anasema nimewahi sana.
G., Iyunga

JIBU: Marahaba mwanangu. Umewahi, mfungulie tu.

Argentina mume anamwita mkewe gorda hata kama mke ni mwembamba kama fito, mama anamwita hivyo mwanawe, ni neno la kudekeza. Kilo zako hazihusiki hapo. Mara nyingi gorda lina ukaribu ndani yake, kwa hiyo kama kuna kinachoongezeka labda ni moyoni mwake, hilo kamuulize mwenyewe. Ila usiende Hispania ukamwita dada wa watu hivyo, atakununia.

Boludo, samahani wazee mnaosoma, asili yake ni mwanaume mwenye mapumbu makubwa, ikawa mjinga, sasa kwa marafiki ni kama sisi tunavyosema "oya mwana". Wamexico wao wana "güey", limetoka kwenye buey, yaani maksai, hawa hawa wanaokokota plau kule Usangu, na vijana wanaitana maksai kutwa nzima. Hispania wanaitana "tío", mjomba, hiyo angalau ina heshima.

Hata Che, yule mwanamapinduzi, si jina, jamaa aliitwa Ernesto Guevara, sema Waargentina kila sentensi wanaweka "che", kama oya yetu, wenzake wakambandika. Na mwaka 1965 alipopita Dar na Kigoma kuvuka ziwa kwenda Kongo akajiita Tatu, Kiswahili kabisa, maana walijipa majina ya namba.

Sasa hapa sikiliza vizuri. Siku moja anaweza akakuita "negra" au "negrita", yaani mweusi. Kwao linaitwa hata kwa mtu mweupe, kwa mapenzi, lakini likitoka nje linauma. Cavani wa Uruguay, akiwa Manchester United mwaka 2020, alimjibu rafiki yake Instagram "gracias negrito", yaani asante, FA, chama cha soka cha England, wakamfungia mechi 3 na faini pauni 100,000, taasisi ya lugha ya Uruguay ikalalamika kwamba Waingereza hawajaelewa lugha yao. Mi naona wote walikuwa na hoja. Wewe ukiona halikukai mwambie tu, huna sababu ya kulivumilia eti kwao ni kawaida, mbona sisi yule Mhehe wa Iringa tunamtania mambo ya mbwa kwa sababu ni mtani, akiyasema mgeni aliyeshuka basi jana stendi patachimbika.

Mfungulie, mwandikie "hola flaco", yaani wewe mwembamba, hata kama ana kitambi, uone atajibu nini. Na boludo ukishalizoea usije ukamtamkia mama yake siku akipita kwenye video.