Maswali yenu kuhusu Anna May Wong, staa wa filamu bubu

Huyu dada alianzaje kuigiza?
Alizaliwa Los Angeles mwaka 1905, familia ya Kichina, baba yake dobi. Zamani hizo watu wa sinema walikuwa wanakuja kushuti Chinatown, mtaa wa Wachina, na yeye anatega shule kwenda kuwaangalia, ndo hivyo hadi akaanza kupewa vinafasi vya kupita mbele ya kamera. 1922, ana miaka 17 tu, akapewa nafasi kuu kwenye The Toll of the Sea, moja ya muvi za mwanzo kabisa za rangi.

Mbona muvi nyingi anauawa au ni mtu mbaya?
Hili linaniumiza kweli. California sheria ilikataza mzungu kuoana na Mwasia, na ilidumu hadi 1948, sasa studio zikawa zinaogopa hata kuonyesha mapenzi ya namna hiyo, kwa hiyo Anna anapewa mtumwa, mjanja mjanja au mpenzi ambaye lazima afe, halafu Mchina anayependwa anaigizwa na mzungu aliyepakwa mekapu! The Thief of Bagdad ya 1924 ilimpa jina kubwa lakini role zikabaki zilezile, na mwaka 1928 akachoka akaondoka zake Ulaya, Berlin kwanza kisha London. Huko ndo walimpa heshima yake.

Sauti ilipoingia kwenye sinema, si ndo mwisho wake?
Hapana jamani. Alipopanda jukwaani London 1929 wakosoaji walilalamikia lafudhi yake ya Kimarekani, akatafuta mwalimu, akajifunza na Kijerumani na Kifaransa. 1932 yuko na Marlene Dietrich, staa wa Kijerumani, kwenye Shanghai Express na anatisha. Pigo lilikuja na The Good Earth ya 1937, hadithi ya wakulima wa China, nafasi ya mke akapewa Luise Rainer, mzungu, akabeba na Oscar. Ile nafasi ilikuwa ya Anna, mimi siwezi kusema vingine.

Nianze na ipi?
Piccadilly ya 1929. Anaanza muoshavyombo wa klabu, anacheza dansi jikoni kule na huwezi kumtoa macho, hasemi neno ila unajua kila anachofikiria. Ukiwa na haraka chukua The Toll of the Sea, haifiki hata saa moja.